Nukta Tatu Kwenye Pete ya Lenzi

Kwanza lieleweke jambo moja: mpiga picha wa ghorofani hakuwa mlevi. Chupa pekee iliyowahi kukaa mfukoni mwake ilikuwa ya dawa ya macho, ndogo kama kidole gumba. Wanaosema kwamba kinywaji ndicho kilichoharibu picha ya walimu wamelisema hilo mpaka msibani kwake, wamekalia viti vyake na kushika vikombe vyake. La pili, mkewe hakuwa na wivu. Kama alisimama karibu na kiti cha mteja na kumnyooshea kola kila binti aliyekuja kupigwa picha, alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ndiyo hii.

Watu walimwita Bwana Tulia, kwa sababu ya neno moja alilolisema kabla ya kubonyeza. Studio yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la viatu. Picha zote za mtaa ule, za pasi, za wachumba, za watoto waliomaliza shule, zilipigwa katikati ya harufu ya gundi na ngozi mpya. Sakafu ilikuwa ya vigae vyeusi na vyeupe, pazia la nyuma lilikuwa la kijivu, na dirisha lilizibwa kwa kadibodi.

Lenzi zake zilikuwa za zamani, za chuma, nzito kama mawe ya mizani. Aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi. Lenzi za aina hiyo hazijui kujitafutia kitu. Mpiga picha mwenyewe anazungusha pete yake taratibu mpaka jicho la mteja litoke kwenye ukungu, ndipo anabonyeza. Wenzake walikuwa wameshahamia kwenye lenzi za kisasa zenye mota ndani, unagusa kitufe zinatafuta zenyewe, na hawakuacha kumtania.

"Bwana Tulia, mpaka umalize kuzungusha, mtoto wa watu ataota ndevu!"

"Aote tu," alikuwa akijibu huku bado jicho liko kwenye kamera. "Akiwa na ndevu, baba yake atamtambua haraka."

Mkewe alikuwa amestaafu ualimu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Asubuhi alipokea wateja, mchana alikagua picha kabla hazijakabidhiwa. Siku moja alishika picha ya mama mmoja ambayo masikio yalitoka safi na macho yakabaki na ukungu. Aliiweka chini ya kitambaa cha meza. Kesho yake ikaja nyingine kama hiyo. Siku iliyofuata alimshika mumewe mkono, wakaenda kwa daktari.

"Ni presha ya macho," daktari alisema. "Kilichoondoka kimeondoka, mzee. Dawa hii ni ya kulinda kilichobaki."

Njiani mpiga picha hakulalamika. Walipofika chini ya studio aliuliza kama wenye duka la viatu wamebadilisha rangi ya kibao. Mwalimu alisema hawajabadilisha. "Aha," alisema, wakapanda ngazi.

Ndipo walipobuni namna yao ya kufanya kazi. Lenzi ya zamani ina mwanzo na mwisho: ukizungusha pete inafika mahali inagota, na kila umbali una mahali pake palepale, jana na leo. Mwalimu alichukua rangi ya kucha, nyekundu, akadondosha nukta tatu juu ya pete. Ikikauka anaongeza tone jingine juu yake, tena jingine, mpaka kila nukta ikawa na kichwa kama mbegu ya ufuta. Bwana Tulia hakuhitaji kuziona. Alizipapasa kwa kucha ya kidole gumba.

Kilichobaki kilikuwa kumjulisha nukta ipi. Kiti cha mteja hakikuhama, lakini mtu akiketi huinama mbele au huegemea nyuma, na lenzi haisamehe hata kidogo. Kwa hiyo Mwalimu alisimama kando ya kiti, akatazama macho ya mteja yako juu ya kigae kipi, kisha akajifanya anamtengeneza. "Hebu kola" ilikuwa nukta ya kwanza. "Mabega, mwanangu" ilikuwa ya pili. "Kidevu" ilikuwa ya tatu. Kidole gumba kinatembea, kinagusa, kinasimama. "Tulia." Picha zikarudi kuwa safi kama zamani.

Mtaa uliona kola tu. Wifi yake, dada wa mpiga picha, aliuza vitambaa mkabala na ngazi, na mdomo wake haukuwa na likizo.

"Wifi yangu jamani!" aliwaambia wanawake waliokuja kupima vitambaa. "Mzee wa watu hana hata meno ya kutosha, na bado analindwa kama ghala la benki! Msichana hapigwi picha mpaka akaguliwe kola!"

Maneno hayo yalipanda ngazi mpaka studio. Mwalimu aliyasikia akiwa ameshika bega la mteja. Aliuma meno, akasema, "Mabega, mwanangu." Mke mwenye wivu huchekwa, lakini mpiga picha asiyeona hapewi kazi. Mume wake bila kazi ile angekuwa mtu wa kukaa tu kwenye kiti, na hilo hakutaka kuliona.

Kisha binti yao akaja likizo na zawadi: kamera mpya na lenzi ya kisasa, nyepesi, nyeusi, yenye mlio mdogo kama wa mbu. Alijua macho ya baba yamechoka, hakujua yamechoka kiasi gani.

"Baba, hii inatafuta yenyewe. Wewe bonyeza tu."

Mzee aliijaribu pale pale. Ilimpata binti, ikampata mama, ikalipata hata jicho la paka aliyelala kwenye mlango. Mwalimu alizikagua zote, hakukuwa na yenye ukungu. Mpiga picha akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akashika pete ya lenzi ile mpya na kuizungusha. Ilizunguka. Akazungusha tena, ikazunguka tena. Haikuwa na mwanzo wala mahali pa kugota.

"Hii kitu ni nzuri kuliko zangu," alisema. "Ila nukta sijui ungeziweka wapi."

"Nukta gani?" binti aliuliza.

"Kunywa chai," mama alimwambia.

Lenzi mpya ilikaa kabatini mpaka mkuu wa shule alipostaafu. Ni shule ile ile aliyofundisha Mwalimu, na walitaka picha moja kubwa ya walimu wote, wa sasa na wa zamani, itakayofunuliwa mbele ya wazazi. Mkuu alisema, "Mwalimu, siku hiyo wewe si msaidizi wa studio. Unakaa mstari wa mbele, pembeni yangu." Hakukuwa na namna ya kukataa. Na kama yeye angekuwa ndani ya picha, nani angemtajia mumewe kola na mabega?

Wakazungumza jikoni, wakaafikiana. Siku hiyo angetumia ya kisasa.

Akapanga watu kwa sauti, akawachekesha, akasema "Tulia," lenzi ikalia mlio wake wa mbu, akabonyeza. Karani wa shule hakusubiri studio ikague. Alichomoa kadi kutoka kwenye kamera na kuikimbiza kwa wachapaji, maana sherehe ilikuwa mchana ule ule.

Kitambaa kilipovutwa, watu walinyoosha shingo. Lenzi ilikuwa imepenya katikati ya bega la mkuu na bega la Mwalimu, ikaupata ukuta wa nyuma. Matofali yalitoka safi, ungeweza kuona chokaa kati ya moja na jingine. Walimu wote walikuwa kama watu wanaotazamwa kupitia kioo cha bafu. Mpiga picha alisimama chini ya picha ile akitabasamu, akisubiri makofi.

"Leo Bwana Tulia katulizwa na chupa!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

Watu wakacheka. Mzee akaenda kumpa mkuu mkono, akaukosa, akajikwaa kwenye ngazi ya jukwaa. Basi, ikawa hivyo. Mlevi.

Nyumbani Mwalimu alivaa viatu ili arudi kuwaambia ukweli. Mumewe alimzuia mlangoni.

"Waache. Mlevi watu humsubiri aache. Asiyeona humsindikiza mpaka nje, na pole juu."

"Ni jina lako wanalolichafua."

"Ni langu, na mimi nasema waache." Akairudisha lenzi ya kisasa kwenye boksi lake kwa kupapasa, akaliviringishia karatasi vizuri. "Haina kosa. Ningekuwa na macho ningeichukua leo. Lakini ikikosea hainiambii. Ile nyingine nikikosea, kidole kinajua kabla ya mtu yeyote."

Baada ya wiki chache mkuu alipanda ngazi peke yake, akaketi. Mwalimu akatazama vigae. "Hebu kola," alisema. Picha ile imetundikwa ofisini shuleni mpaka leo, hata unywele wa nyusi unaonekana. Hiyo hakuna anayeizungumzia.

Bwana Tulia aliendelea kupiga kwa lenzi zake mpaka kifua kilipomlaza. Mwalimu hakulia msibani, na hilo nalo likasemwa. Alipanga viti, akahesabu vikombe, akaitikia pole. Mikono yake ilifanya kazi kama ya mtu mwingine.

Watu walipotawanyika, wifi alipanda studio. Mwalimu alikuwa akitoa vitu kabatini.

"Wifi, kuna mpiga picha anazitaka hizi lenzi za zamani. Anasema siku hizi zinatafutwa sana." Wifi akaigeuza moja, kidole kikakwama. "Mbona mmeimwagia rangi ya kucha?"

Mwalimu alimweleza. Hakupandisha sauti wala kuongeza chumvi: macho, dawa, vigae, kola. Wifi alikaa kwenye kiti cha mteja.

"Kwa hiyo zile kola..."

"Ndiyo."

"Na mimi nilikuwa nasema..."

"Najua ulichokuwa unasema. Sauti inapanda ngazi."

Wifi alifuta macho kwa kanga. Mwalimu alimtazama akilia, kama anavyotazama mvua ya upande wa pili wa barabara.

"Hiyo ya kisasa anarudishiwa binti," alisema. "Hizi haziuzwi. Na kaka yako hakuwa mlevi. Hilo lipeleke chini, nakuruhusu."

"Nitalisema, haki ya Mungu nitalisema." Wifi akakunja pindo la kanga. "Lakini mwishoni, wifi, pale kitandani. Alikuwa anakuona? Uso wako?"

Mwalimu aliivisha lenzi kifuniko chake, akaiviringisha kwenye kitambaa.

"Hilo halisemwi."

"Mimi ni dada yake!"

"Na mimi ni mkewe. Ukishuka funga mlango, vumbi linaingia."