Kompyuta ya Safari na Mazishi ya Rhotia

Kuna aibu mtu akishazeeka nayo anaisimulia akicheka, hii yangu bado ina moto, lakini nyinyi ni wenzangu, acheni niitoe.

Asubuhi hiyo niliondoka Endabash bila mpango (ndivyo ninavyoishi), bodaboda ikanishusha Rhotia mbele ya steshenari ya Safari, jamaa niliyewahi kuvuna naye vitunguu. Ndani alikaa dada mmoja, Paulina, akisubiri kuchapiwa wasifu wa baba yake, maana mazishi yalikuwa saa nne na yeye ndiye msomaji. Safari alikuwa anaunganisha printa mpya kwenye kompyuta yake mpakato, akakuta karatasi zimeisha, akatoka mbio kuzitafuta, akiniambia:

"Mdogo wangu, kaa hapo. Ikiuliza ruhusa, usibonyeze kitu, ningoje nije."

Ikauliza. Sasa kwetu mtu akipiga hodi unamwambia karibu kwanza, ndipo unatoka kumwona ni nani, basi nikabonyeza Ndiyo, ikauliza tena, nikabonyeza tena, mara ya nne nikakereka (na udadisi wangu mnaujua), nikaingia kwenye mipangilio, nikaona Safari ameandikwa msimamizi, nikawaza, kumbe inamsumbua kwa sababu ya cheo, nikamshusha awe mtumiaji wa kawaida, nikaizima na kuiwasha.

Safari aliporudi, ikamdai neno la siri la msimamizi ndipo imruhusu kuunganisha printa. Msimamizi aliyebaki ni dereva wa watalii aliyemuuzia ile kompyuta, na siku hiyo alikuwa mbugani, chini ndani ya kreta, na wageni, simu haipatikani.

"Umegusa nini?"

"Nilikupunguzia usumbufu."

Hakunitukana, na hilo ndilo lililoniogopesha. Kengele ya kanisa ikalia. Kwenda Karatu mjini kuchapa na kurudi hakukuwa na muda tena. Paulina akasimama, akasema kwa sauti ndogo, "Baba hazikwi bila maneno yake. Ibebeni."

Ndivyo nilivyojikuta mbele ya kanisa lililojaa, nimeshika kompyuta kama sinia, Paulina akisoma kwenye kipaza sauti, jasho likiniingia machoni. Alipofika kwenye majina ya wajukuu, kioo kikafifia, maandishi yote yakafunikwa. Mtu akakohoa nyuma.

"Kaka, inataka nini tena?" Paulina akaniuliza.

"Inaomba ruhusa," nikanong'ona, na kipaza sauti kikawapa watu wote.

"Inyime."

Mikono yangu yote ilikuwa chini ya kompyuta. Akabonyeza Hapana mwenyewe, majina yakarudi, akayasoma mpaka la mwisho, na mabega ya kwaya yakawa yanatikisika kwa kicheko walichokimeza.

Sikungoja chakula cha msiba. Nilitembea kwa miguu hadi Karatu, nikiapa kwamba kifaa cha mtu sitakigusa tena hata kikinililia. Mama mwenye nyumba ya wageni akanipa chumba cha uani, akafungua daftari.

"Kazi yako, mwanangu?"

Mjini huwa najiita fundi wa kompyuta. Siku hiyo nilisema mkulima.