Bwana harusi aliyepumzisha fizi

Bisheni tu, wasomi, lakini haya nimeyaona mwenyewe kwa daktari wa meno hapa Mbinga. Kijana wa kijiji cha Matiri alikiri kwamba tangu tangazo la kwanza la ndoa yake kanisani hajapiga mswaki, ili fizi zinazotoka damu zipumzike.

Daktari akavua miwani. "Kaka, damu inaletwa na huo uchafu unaoutunza. Tumia mswaki laini, asubuhi na kabla ya kulala."

Mchumba wake, aliyemsindikiza, akaziba pua kwa kanga. "Jumapili padri atauliza tena mwenye pingamizi. Nitasimama mimi."

Kijana akauliza duka la miswaki liko wapi.

Ajabu, magugu yakiota kwenye kahawa yake hapumzishi jembe. Nilichoruka ni kimoja: aliyemshauri azipumzishe fizi ni mimi, msimamizi wake wa ndoa.