Gogo, Ramani na Mgongo wa Shangazi

Ni kweli, nilibebwa. Nimekana jambo hili kwa miaka mingi, tena mbele ya watu waliolisikia kwa masikio yao.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza akiwa bado mtawala. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, kichwa juu, na mkuu wa upimaji pale Moshi mjini akanipa kazi ya kuchora njia za miguu mlimani, kutoka kwetu mpaka kijiji cha Mkuu, ili wageni wapenda kutembea wapate ramani. Kijijini walishangaa kwamba kuna mtu anatembea bila mzigo wala msiba.

Njia yetu ilivuka korongo juu ya gogo. Wanawake walilipita kila siku wakipanda kutoka tambarare na majani ya ng'ombe kichwani. Mvua ikinyesha liliteleza, na jirani yetu alishaanguka akavunjika nyonga. Shangazi alitaka daraja. Njia ikiingia kwenye ramani, serikali ingelijenga. Ikiachwa, basi tena.

Nilikanyaga gogo, nikatazama chini, nikakaa kitako.

"Huko chuoni hawakukufundisha kuvuka?" aliuliza shangazi, aliyekuwa nyuma yangu na majani kichwani.

"Walinifundisha kupima, shangazi."

"Haya, pima."

Sikupima. Alitua mzigo, akanibeba mgongoni, akanibwaga ng'ambo, kisha akarudi kuchukua majani. Majani aliyatua polepole.

"Sasa andika panapitika," aliniagiza, "wasije wakaihamisha njia."

Nikaandika, na chini yake nikaomba daraja.

Siku chache baadaye mkuu wa upimaji akapiga simu ofisi ya chama cha kahawa, simu pekee kijijini. Wakulima walikuwa wamejaa wakisubiri kahawa yao ipimwe. Laini ilikuwa mbovu, ikabidi nipige kelele.

"Umeandika gogo linapitika," alisema. "Basi daraja la nini? Nalifuta."

"Linapitika kwa wengine, bwana!"

"Wewe ulipitaje?"

Niliwatazama wakulima. Wakanitazama.

"Mgongoni!"

"Mgongoni mwa nani?"

"Mwa shangazi!"

Nyuma yangu ofisi nzima iliangua kicheko. Mzee mmoja ilibidi ashikilie mizani. Nikajua nimeikosa kazi na daraja kwa pamoja.

"Wageni wetu hawana shangazi huko," mkuu alisema. "Njia inabaki. Daraja lijengwe kabla ya masika."