Maua ya Memsahib na Kingereza Changu

Mama alikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu, hata jina lake nimesahau (la ng'ombe, si la mama), na huyo ukimkamua kimya anakupiga teke, lakini mama akianza tu wimbo wake, maziwa yanashuka yenyewe. Baba alicheka sana. Mimi sicheki, kwa sababu nilipokuwa mchuma chai huko Kericho, niligeuka ng'ombe huyo mwenyewe, tena mbele ya watu.

Nilitaka ukarani. Karani anakaa ndani, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini kulikuwa na mtihani wa maneno magumu ya Kingereza, yale yale kwa mashamba yote, na mimi shule niliionja tu. Rafiki yangu Odhiambo, mtu wa ziwani aliyesoma kunishinda, akanifundisha tukichuma. Chai ni majani mawili na kichipukizi, basi nikigusa jani la kwanza natamka neno, la pili maana, kichipukizi mfano, kisha navunja, natupa kapuni mgongoni. Nikajaa Kingereza!

Siku ya mtihani Odhiambo akaniambia, "Arap Koech, kaa kama karani, mikono magotini."

Nikakaa hivyo barazani kwa meneja, wachumaji wako chini kwa foleni ya mizani, wananitazama. Meneja akauliza, "Benevolent?"

Kichwa kitupu. Akarudia. Kando yangu kulikuwa na maua ya memsahib, mke wa meneja, kwa debe, nikasema wacha niguse moja tu, na ile kugusa, Kingereza kikashuka! Nikasema ni mtu wa roho nzuri, nikatoa mfano (yeye meneja), nikavunja, nikatupa nyuma ya bega. Neno lingine, ua lingine. Mikono yote miwili ikaamka.

"Chuma safi, nyapara anakuona!" wakapiga kelele kule chini.

"Ndugu yangu, mikono!" Odhiambo akalia kutoka kwa foleni.

Ningeachaje, na nilikuwa napata yote?

Likabaki neno moja, na debe limebaki vijiti. Memsahib akatoka kuuliza kelele ni ya nini, kofia yake imejaa maua ya kitambaa. Sikufikiria. Nilijibu sawa kabisa, na kofia ikapaa juu ya bega langu ikatua kwa kapu la Odhiambo.

Meneja alicheka mpaka akashika nguzo. "Umepita," akasema, "lakini kwanza mwombe memsahib msamaha. Kwa Kingereza."

Kwa Kingereza, bila jani hata moja? Nikaangalia mikono yangu. Nikashuka ngazi, nikapita kapu langu bila kuligusa, nikashika njia ya Sotik, na kwa shamba lile sijarudi mpaka leo.