Upande wa Pili, Jumapili Saa Tisa

Mimi naitwa Anne-Marie, na mtu ninayemsema hapa ni mume wangu, Polycarpe Nday, mtoto wa Lubumbashi. Nyumbani namwita Papa Larissa, kwa ajili ya binti yetu. Msingoje nimsifu tangu mwanzo. Miaka miwili mizima yule bwana alinitia hasira, na mngeniuliza wakati ule ningewaambia mengine kabisa.

Bon. Kazi yake ilikuwa Ganshoren, hapa Brussels, katika nyumba ya wazee. Jumatatu mpaka Ijumaa anawaogesha wazee wa Kibelgiji, anawanyoa ndevu, anawalisha supu, na sijamsikia hata siku moja akirudi na kumsema vibaya mmoja wao. Lakini Jumapili, mama yangu! Wenzake wako misa ya kwanza, yeye yuko soko la Gare du Midi, amepiga magoti mbele ya makatoni ya diski kuukuu. Wala hachukui diski inayojulikana. Anatafuta vikundi vya rock na pop vya Uingereza ambavyo Waingereza wenyewe wamevisahau, vijana wanne wa mji fulani wa viwanda waliorekodi diski moja, wakarudi zao kazini. Na hata hiyo moja hapigi upande wenye wimbo mkubwa. Anaigeuza.

"Ya mbele ni ya kuuza," ananiambia. "Ya nyuma njo ya roho yao." Kwao "ndiyo" wanaitamka "njo".

Mtasema, Mkongomani na nyimbo za Uingereza, wapi na wapi? Kwao Lubumbashi baba yake alikuwa na redio iliyoshika vizuri vituo vya Zambia, ng'ambo ya mpaka, na huko miaka ya sabini walipiga muziki wa Kiingereza asubuhi mpaka jioni. Mtoto akakua anasikiliza bila kuelewa neno. Mpaka leo Kiingereza chake hakitoshi hata kuulizia njia.

Redio iliyompa nafasi ya kuzipiga diski hizo ilikuwa redio yetu ndogo ya jamii, ghorofa ya pili, karibu na Galerie d'Ixelles. Siku za kazi ukifungua dirisha unasikia mashine za kukaushia nywele za masaluni. Huko walipiga ndombolo, wakatangaza misiba, wakahubiri. Na Jumapili saa tisa, kwa saa moja, Papa Larissa na upande wake wa pili.

Kwetu wimbo wa redio haupigwi hivihivi, lazima uwe wa mtu. Watangazaji wengine walitaja majina ya wakubwa, wapate kusalimiwa vizuri barabarani. Yeye hakutaja jina la mtu yeyote. Alitaja hali. "Huu ni wa maman mwenye kukosana na dada yake," alisema siku moja. "Usisikilize maneno, hata mimi siyaelewi. Sikiliza ngoma. Inachelewa, imesimama mulangoni, inaogopa kuingia. Ikiingia, na wewe simama, uende kwa dada yako." Ndivyo alivyokuwa anawapendekezea watu nyimbo. Alimpa mjane wimbo, akampa dereva, akampa aliyeshindwa mtihani, akampa hata mtu aliyeachwa na tramu ya mwisho.

Na mimi? Mimi niliyekuwa naruka makatoni yake nipate kufika kitandani? Miaka miwili, sikupewa hata wimbo mmoja! Sikumwomba. Na mimi nina kiburi changu.

Alors, mwaka 1997 akaja Hervé, mkuu mpya wa vipindi, kijana mpole mwenye tai. Akaanzisha daftari la simu, kila kipindi na ukurasa wake, na simu za zamani akazikusanya kutoka karatasi za watangazaji. Jumapili moja, kabla ya kipindi, akamwonyesha mume wangu ule ukurasa.

"Papa Polycarpe, pamoja na heshima yote. Kipindi cha ndombolo kinapata simu quarante, arobaini, kwa saa moja. Chako, miaka miwili, simu sept."

Jumapili iliyofuata ndiyo ingekuwa ya kuamua. Zisipofika simu vingt, yaani ishirini, saa ile anapewa mwingine. Papa Larissa akajibu, "Sawa, mutoto yangu," akaingia studio.

Simu saba! Na katika hizo saba, nne zilikuwa zangu. Eh, ndiyo, mimi. Nilipiga nikiongea kama mtu wa Bukavu. Nikapiga nimebana pua. Nikapiga nikiwa sista wa Namur, na mara nyingine mwanafunzi. Hakuna aliyejua, na siri hiyo ningezikwa nayo.

Siku ile nilikuwa jikoni, redio imewashwa. Nikamsikia anasema, "Jumapili inayokuja bataamua kama kipindi hiki kinaendelea. Kama kuna wimbo wangu moja ulikusaidia, unijulishe." Basi! Nikaipigia redio kelele: "Taja namba! Taja namba ya simu, wewe mutu!" Hakutaja. Akaweka diski.

Aliporudi nilimrukia. "Ungewaomba wapige simu!"

"Mutu mukubwa haombi simu."

Hakula. Nilimwekea bukari, ugali wetu, na samaki, akavitazama tu. Baadaye akasema polepole, "Mama Larissa, kule Ganshoren ninafanya kazi, na ninaipenda. Lakini ile saa moja njo mimi mwenyewe." Hasira yangu yote iliishia pale. Nilimwonea huruma mpaka nikaenda kuosha sufuria zilizokuwa tayari safi.

Wiki nzima simu ya redio haikulia kwa ajili yake. Nyumbani tulipata mgeni mmoja tu, binamu yangu wa Liège, aliyepanda treni kuja kutuambia mkewe amejifungua. Simu anayo nyumbani kwake, lakini habari kama ile huwezi kuisema kwenye simu. Nilimpa chai, nikamnunia bila sababu.

Jumapili nilikuwa nimejiandaa na sauti sita mpya. Sita! Papa Larissa akavaa koti, akanitazama. "Leo utakuja na mimi."

"Nikafanye nini?"

"Nataka uone."

Ningekataaje? Tukaenda, mvua inanyesha. Kule juu Hervé alikuwa amekaa karibu na simu, daftari wazi, kalamu mkononi. Kengele ya mlango wa chini walikuwa wameizima, kama kila wakati wa kipindi, isije ikasikika hewani. Saa tisa kamili mume wangu akaanza, diski ya kwanza kwa upande wake wa pili, kwa sauti ileile ya siku zote. Tisa na robo, kimya. Tisa na nusu, kimya. Nilikuwa naikodolea macho ile simu mpaka yakaniuma.

Nikasimama, nikachungulia mlangoni pa studio wimbo ukiendelea. "Naenda kununua mkate."

Nilikuwa na kadi ya simu mfukoni, na kwenye kona kulikuwa na kibanda cha simu. Niliteremka ngazi nikiwatukana ndugu zetu wote wa Brussels kimoyomoyo. Watu gani hawa! Kusikiliza wanasikiliza, kuinua mkono wapige simu wanashindwa! Nikafungua mlango wa barabarani.

Watu. Walijaa kutoka mlangoni mpaka kwenye kona, chini ya miamvuli, wamevaa vizuri kama wanaotoka kanisani. Mmoja alikuwa na kiredio kidogo mkononi na wengine wamemzunguka, na humo ndani nikamsikia mume wangu anaongea. Mbele kabisa alikuwa Maman Pétronille, msusi wa pale Galerie, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitenge.

"Munafanya nini hapa?"

"Tunangojea Tonton Polycarpe. Alisema tumujulishe."

"Na simu, je?"

Akanitazama utadhani nimemtukania mama yake. "Maman Anne-Marie! Mutu mukubwa utamushukuru kwa simu? Mikono mitupu?"

"Basi mbona hamupandi?"

"Iko kazini. Tutangoja kazi iishe."

"Itaisha kabisa musipopanda!" nikapiga kelele, nacheka, nalia, sijui lipi lilitangulia. "Pandeni! Wote!"

Wakapanda. Ukumbi ukajaa harufu ya sombe, kisamvu chetu, na makoti mabichi. Hervé akabaki na kalamu juu.

"Hawa niwaandike wapi? Hapa ni pa simu."

"Andika watu," nikamwambia. "Au hukufundishwa?"

Akahesabu, trente-quatre, watu thelathini na wanne, na wengine wakawa wamekwama kwenye ngazi. Maman Pétronille akamsogelea, akamvuta mwanamke mwingine kwa mkono. "Andika vizuri, mutoto. Mimi ni wa ile ngoma yenye kuchelewa. Miaka mitatu sikuongea na dada yangu. Njo huyu." Na yule dada akatikisa kichwa, ndiyo, ni mimi.

Papa Larissa aliwaona kupitia kioo. Alikuwa amekaa, akasimama. Hakupunga mkono, hakucheka, alisimama tu wima, mgongo umenyooka, huyu anayeinama wiki nzima kuwafunga wazee viatu. Mimi nilijivuna. Nasema wazi, nilijivuna mbele ya watu wote, nikawa nawaambia wale walionijua na wasionijua: huyo ni mume wangu, huyo mnayemwona.

Hervé akaniuliza polepole kama Papa Polycarpe angeweza kuendelea na saa yake. Nikamwambia amuulize mwenyewe, kwa adabu. Wimbo ukaisha. Mume wangu akakaa, akavuta kipaza sauti.

"Imebaki wimbo moja. Nimeutafuta miaka miwili, na leo asubuhi nimeupata Gare du Midi. Huu ni wa maman moja alinipigia simu mara nne. Mara ya kwanza alitoka Bukavu. Mara ya pili alikuwa na mafua. Mara ya tatu alikuwa sista wa Namur. Mara ya nne, mwanafunzi. Leo nimemuleta hapa apumuzike, lakini naona alitoka kununua mukate."

Mungu wangu! Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Ardhi ingepasuka ningeingia. Hervé akafungua ukurasa wa mume wangu, akazipiga mstari simu nne, zikabaki tatu, na chini yake akaandika: Jumapili ijayo, saa tisa, Polycarpe.

"Usisikilize maneno," mume wangu akaendelea. "Usisikilize hata mwenye kuimba mbele. Nyuma yake kuna sauti ya pili, ndogo. Batu habaisikii. Lakini itoe, wimbo wote unaanguka."

Akashusha sindano. Nilisikiliza nimesimama, kadi ya simu bado mkononi, na ile sauti ya nyuma niliisikia tangu mwanzo mpaka mwisho.