Barua Iliyokaa Bujumbura

Mwezi wa nane 1998, vita vya pili vilipoanza, wanajeshi walimtafuta mwalimu Jean-Berchmans nyumbani kwake Rugenge, mjini Uvira, mara mbili. Mara ya tatu hawakumkuta. Alikuwa ameshavuka ziwa kwa boti pamoja na walimu wengine wawili, akamwacha mke wake Generose na mimba ya miezi mitano. Alifika Kigoma, akakaa kambini, na baada ya mwaka na nusu Kanada ikamchukua. Kutoka huko aliandika kwamba ameingiza ombi ili Generose na mtoto Délice, ambaye hajawahi kumwona, wapewe ukaaji wa kudumu na kumfuata.

"Watakuita kwa mahojiano," aliandika. "Wakikuita, usikose."

Posta ya Uvira ilikuwa imekufa. Kwa hiyo barua zote zilipitia sanduku la posta la Donatien, mdogo wake Jean-Berchmans, aliyekuwa karani wa ghala huko Bujumbura. Kila baada ya wiki mbili Donatien alivuka mpaka pale Kavimvira, akaja Rugenge kumsalimu mama yake, na kama kuna barua alikuwa nayo mfukoni. Generose hakutafuta njia nyingine. Nani atafute njia nyingine wakati shemeji yupo?

Mama yao, Akimana, aliishi kwa Generose. Alikuwa mkulima wa bonde la Ruzizi, mwanamke wa sauti iliyosikika shamba la tatu, mpaka asubuhi moja alipoanguka katikati ya mihogo yake. Walipomwinua, upande wote wa kuume ulikuwa umepooza. Tangu siku ile Generose alimgeuza kitandani mara nne kwa siku asitoke vidonda, akamwogesha, akamlisha, akamfulia. Asubuhi alikwenda sokoni Mulongwe kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na mawese, saa sita alikuwa amerudi kumgeuza tena. Kwa Kirundi mama wa mume huitwa mabukwe. Generose alilitamka neno hilo kwa upole mpaka wageni wakadhani anamwita mama yake mzazi.

Mwezi wa kumi 2002 wapiganaji wa Mai-Mai walishuka milimani wakaingia mjini. Majirani walikimbilia Gatumba, ng'ambo ya mpaka, wengine na sufuria kichwani, wengine bila viatu. Mlango wa pili, mama mmoja alimwita: "Mama Délice, twende! Huyo mzee Mungu atamulinda!" Generose alikataa. Siku zote za mapigano alilala chini ya kitanda cha Akimana, Délice kifuani mwake, na risasi ziliponyamaza kidogo alitoka, akamgeuza mgonjwa, akarudi chini.

Watu waliporudi na soko kufunguka, Jean-Berchmans alituma ujumbe kwamba atapiga simu kwenye kibanda cha Kavimvira, kilichonasa mtandao wa Burundi. Generose alifika mapema, akamvalisha Délice gauni la kanisani kana kwamba baba yake angemwona.

"Kwa nini haukuenda?" ndilo neno la kwanza la mume wake.

"Kuenda wapi?"

"Usinichezee, Generose. Tarehe kumi na saba mwezi wa tisa, Bujumbura. Walikungojea, haukutokea. Wameniandikia. Tusipoeleza sababu katika siku sitini, dosie inafungwa, faili lote."

"Minye sikupata barua yoyote."

Jean-Berchmans akauliza kwa sauti ambayo Generose hakuijua:

"Ni mwanaume gani amekuzuia?"

Laini ikakatika kabla hajajibu. Délice aliomba naye aongee na baba, na mama yake akamwambia baba ameenda kazini.

Kesho yake Generose alivuka mpaka kwenda Bujumbura. Alimkuta Donatien ghalani, kati ya magunia ya mchele, kalamu sikioni. Alimwuliza mbele ya watu, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, ili asipate pa kujificha.

"Barua ya Kanada iko wapi?"

"Barua gani, shemeji? Unajua posta ya sasa..."

"Donatien. Nitazame."

Hakumtazama. Alifuta kalamu kwa kitambaa, akaifuta tena. Mwishoni alisema: "Usiniulize minye. Muulize mama."

Njia nzima ya kurudi Generose alijaribu kuyapa maneno yale maana nyingine. Labda mama aliugua siku ile, Donatien akasahau. Labda mama aliipokea barua, ikapotea. Alifika nyumbani wakati wa kumwogesha Akimana, na hakutaka maji yapoe. Alimvua nguo, akaanza mgongoni, kama siku zote.

"Mabukwe, barua ya Kanada ilifika?"

Akimana alisema maneno yakiburuta, kwa sababu nusu ya mdomo haikumtii. "Ilifika. Mwezi wa saba."

"Nani aliizuia?"

"Minye. Donatien alikuja kuisoma hapa, weye ulikuwa sokoni. Nikamwambia airudishe Bujumbura, ikae kule." Alikuwa ameelekea ukutani. "Bibi yake Donatien, yule aliyemuoa, hanitaki, unamujua. Weye ungeniacha na nani?"

Generose alisimama na kitambaa kinachodondosha maji. Alifikiria zile siku chini ya kitanda. Wakati ule, risasi zikipita juu ya mabati, mwanamke huyu alikuwa juu yake akijua. Aliijua tarehe kumi na saba. Asubuhi ya siku ile alilishwa uji, akashukuru, akasema Mungu amebariki mikono hii.

"Ungeniomba," Generose alisema. "Ungesema tu, usiende kwanza. Pengine ningekubali."

Generose akamalizia kumwogesha, akampaka mafuta, akamvalisha, akatoka nje kumwaga maji. Alikaa juu ya jiwe la kufulia. Hakulia. Alishangaa kwamba mikono ilikuwa imefanya kazi yote bila kumwuliza yeye.

Rugenge alikuwepo Félicien, karani mstaafu wa mahakama, aliyewaandikia watu barua kwa mashine ya chapa mbele ya nyumba yake. Alikuwa mtu mkavu, asiyependa hadithi ndefu. Generose alimweleza yote, naye akauliza mambo mawili tu: simu ya bwana ilikuwa tarehe ngapi, na barua yenyewe iko wapi.

"Kwa Donatien."

"Tunaitaka, na bahasha yake. Bahasha iko na muhuri wa posta. Na tunataka maneno ya yule aliyeizuia, yenye sahihi. Na daktari aandike kwamba mama huyu hawezi kujigeuza. Tutaeleza, tutaomba msamaha, tutaomba tarehe mpya. Hakuna uchawi mwingine. Ila barua iende haraka."

Jumapili Jean-Berchmans alipiga tena. Generose alimweleza polepole, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha alingojea neno moja. Angeridhika na dogo tu: pole.

"Usiandike jina la mama," alisema Jean-Berchmans. "Andika kwamba ni vita. Uvira ilipigwa, dunia yote inajua. Nani atabisha?"

"Na wiki iliyopita uliniuliza mwanaume gani?"

"Nilikuwa na hasira. Generose, ni mama yangu. Jina lake litakaa katika dosie ya wazungu kama mwizi."

"Na langu je?"

Akarudia: andika vita.

Generose alirudi kwa Félicien akiwa na neno hilo, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu na bado alisikiliza. Karani alilitafuna kidogo.

"Vita viliingia Uvira mwezi wa kumi," alisema. "Randevu yako ya mahojiano ilikuwa mwezi wa tisa, na mpaka ulikuwa wazi. Muzungu naye iko na kalenda. Ukidanganya mara moja, hata mtoto watasema si wako. Na kingine: huu uongo unamusaidia nani? Wao wamekufanyia, halafu weye uwafunike?"

Jioni Generose aliketi kando ya kitanda cha Akimana.

"Kesho Félicien atakuja hapa na karatasi. Utamwambia ulichoniambia, utaweka kidole. Kesho nitakuogesha, na kesho kutwa nitakuogesha, ukisema au ukikataa. Lakini utasema."

Akimana alifunga macho. "Asisome kwa sauti," alisema. "Majirani wasisikie."

Félicien alikuja, akaandika, hakusoma kwa sauti. Akimana aliweka dole gumba la kushoto, lile lililokuwa hai, kisha akamwagiza jirani aliyekuwa anakwenda Bujumbura: mwambie Donatien alete barua, ni minye nimesema. Donatien aliileta mwenyewe. Bahasha ilikuwa imefunguliwa kwa kisu, safi kabisa. Alisimama mlangoni, akasema, "Shemeji, nilifanya tu alichosema mama." Generose aliipokea, akamwambia chakula kiko jikoni kama ana njaa. Hakula.

Dosie iliondoka na padri wa parokia aliyekuwa anasafiri, siku kumi na mbili kabla ya zile sitini kwisha. Safari hii anwani ya kujibu ilikuwa ya parokia, na Generose alimwomba padri mbele ya karani kwamba barua yenye jina lake apewe yeye mwenyewe mkononi. Kisha ikaja miezi ya kimya. Jean-Berchmans alipiga simu mara chache, akamwuliza Délice kuhusu shule ya watoto. Hakuuliza kilichoandikwa, na mke wake hakumwambia.

Jibu lilikuja mwezi wa nne 2003, likiwa na tarehe mpya ya mahojiano. Mwezi wa sita, Bujumbura, Generose alikaa mbele ya ofisa wa Kanada, mwanamke wa makamo aliyekuwa na karatasi zote mezani, ile ya kidole gumba juu. Mwanamke alizungumza Kifaransa polepole.

"Huyu aliyekuzuilia barua, unaishi naye mpaka leo?"

"Ndiyo."

"Na nani anamhudumia?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hawezi kujigeuza," alisema.

Mwanamke aliandika kwa muda, akauliza mambo ya harusi, ya mimba, ya barua za mume. Walikubaliwa.

Baada ya vipimo vya daktari na pasipoti, ilikuwa mwezi wa pili 2004 walipoondoka. Donatien alikodi gari kuja kumchukua mama yake ampeleke Bujumbura, kwa mke wake yule yule asiyemtaka. Akimana alipokuwa amelazwa kiti cha nyuma, alimshika Generose kwa mkono mzima.

"Umenisamehe?"

"Wamekuwekea mto upande wa kuume," Generose alisema. "Wakigeuka kwenye kona, utaegemea hapo."

Jean-Berchmans aliwapokea uwanja wa ndege akiwa na makoti mawili makubwa mkononi. Alikuwa amenenepa, nywele zimeanza mvi. Délice alijificha nyuma ya mama yake, kisha akakubali kubebwa. Wiki ya kwanza ilipita kwa kuonyeshana maduka na mabasi. Jumapili, mtoto akiwa anatazama theluji dirishani, mume alianza kusema habari za mama yake, na za kile alichokiuliza kwenye simu.

Generose alikuwa anakunja nguo. "Siku nikiweza kuliongelea hilo," alisema, "nitalianzisha minye mwenyewe."

Jean-Berchmans akasema sawa. Alikaa chini karibu yake, akachukua soksi za mtoto, akaanza kuzipanga mbili mbili.