Jina la Mutiso Kwenye Orodha ya Wahadhiri

Siamini bado kwamba Wafula amenitangulia. Mgonjwa ni mimi. Mimi ndiye niliyeambiwa na daktari nijiandae. Kuna jambo nimemficha yeye, na ninyi nyote, kwa miaka mingi. Sitaki azikwe Jumamosi nikiwa bado nimenyamaza.

Tulikuwa majirani hapa mtaani Jericho. Yeye alifundisha kemia chuoni na kuongoza idara. Mimi nilikuwa mkuu wa kitivo chake.

Kila Jumamosi alipanga chupa za soda kibarazani, akawafundisha watoto wa mtaa kemia kwa siki na magadi. Akaniita, "Prof, njoo uone maabara inayoshinda yako!" Na ilishinda kweli.

Kisha chuo kikataka kupanda kwenye ranking ya vyuo vikuu. Fomu iliuliza tuna wahadhiri wangapi wa kudumu. Orodha ikajazwa watu wa part-time, pamoja na Mutiso, mwenzetu aliyekuwa ameshafariki.

Wafula aliiona, akasimama mbele ya seneti. "Mutiso tulimzika Machakos, sepetu nilishika mimi. Leo ana darasa saa ngapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Hata mimi.

Wiki hiyo neno likatoka juu: orodha ni ya Wafula mwenyewe, eti alipiga kelele kujikinga. Akavuliwa uongozi wa idara. Hakupandishwa cheo tena, wala hakujua nani alimtaja.

Wenzake wakamwita Mfufuaji. "Mfufuaji, leo umetuletea nani?"

"Nimekuja kukufufua wewe. Umelala tangu kikao kianze!"

Leo mkuu wa kitivo ni Nekesa, mmoja wa watoto wa zile chupa za soda. Alipeleka orodha ya kweli, chuo kikaporomoka kwenye ranking. Wazazi wakauliza maswali, wahadhiri wakaajiriwa. Wanafunzi waliokuwa wakigombania bureti moja ya kupimia kemikali sasa kila mmoja ana yake.

Wafula alinipigia simu akicheka kama mtoto. "Prof, tumeshuka! Wacha wee, raha gani hii!"

Mama Simiyu, najua umebeba aibu isiyo ya mumeo Wafula. Barua yangu iko kwa Nekesa tayari, na itasomwa kanisani Jumamosi.

Lala salama, jirani yangu, na jina lako safi. Orodha ile niliiandika mimi. Jina la Mutiso nililiweka mimi. Nilipoulizwa, niliogopa, nikasema ni wewe.